Mkwaju uliokosa ukazaa pointi sita: msimu wa Auburn wa 2013

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mwaka jana nilihamia Birmingham, jimbo la Alabama, nafanya kazi ghalani. Wenzangu kazini wamegawanyika makundi mawili, mashabiki wa timu za mpira wa Kimarekani za vyuo vya Alabama na Auburn, na wakianza kutaniana lazima mtu atoe simu aonyeshe video ileile ya 2013. Nimeiangalia weee, bado sielewi. Alabama wanapiga mkwaju, unakosa, saa imeisha. Halafu jamaa wa Auburn anauchukua mpira, anakimbia nao uwanja mzima, mechi inakuwa yao. Kwa nini refa hakupuliza filimbi? Na hawa wa Alabama wanaosema msimu mzima wa Auburn mwaka ule ulikuwa bahati tupu, wana haki?

JIBU: Salama, ndugu yangu, na pole kwa kutumbukia katikati ya ugomvi wa watu. Vyuo hivyo viwili vilikutana uwanjani mara ya kwanza mwaka 1893, vikagombana mpaka vikasusiana kuanzia 1907 hadi 1948. Aliyekulia kati ya Simba na Yanga hahitaji kuelezwa zaidi, ila ujue kwamba Alabama haina timu yoyote katika ligi kuu ya kulipwa ya NFL. Mapenzi yote ya jimbo zima yanamiminika kwa timu mbili za wanafunzi. Mechi yao wanaiita Iron Bowl kwa sababu ya viwanda vya chuma vya hapo hapo Birmingham unapoishi, na kwa miaka mingi ilichezwa mjini kwenu, uwanja wa Legion Field.

Tuanze na filimbi, maana hilo ndilo jepesi.

Katika mpira wa Kimarekani milingoti ya goli haisimami kwenye mstari wa goli. Inasimama yadi 10 nyuma yake, mwisho kabisa wa uwanja. Kwa vyuo imekuwa hivyo tangu 1927. Katikati ya mstari wa goli na milingoti kuna eneo la mwisho, lile ambalo ukiingia na mpira unapata tachidauni, pointi 6. Mkwaju wa goli ukipita juu ya mwamba katikati ya milingoti ni pointi 3. Ukikosa, mara nyingi unakuwa na nguvu za kutosha kutoka nje ya uwanja, na hapo mpira umekufa. Lakini mkwaju ukiwa mfupi, ukashuka ndani ya lile eneo kabla haujavuka mstari wa mwisho, mpira bado uko hai. Mpinzani anaruhusiwa kuudaka na kukimbia nao mpaka atakapochoka au kuangushwa. Sheria hiyo haikutungwa siku ile. Ilikuwepo vitabuni miaka na miaka, ila nafasi ya kuitumia ni haba kwa sababu makocha hawapendi kujaribu mikwaju ya mbali mno.

Kuhusu saa: ikifika sifuri wakati mchezo umeshaanza, mchezo huo haukatwi. Unaendelea hadi mpira ufe. Kwa hiyo refa hakuwa na kitu cha kupulizia.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu video ya simu huanza imechelewa. Ni Novemba 30, 2013, uwanja wa Jordan-Hare, mjini Auburn, mashabiki zaidi ya 87,000. Alabama ni namba moja nchini, hawajafungwa, na wametwaa ubingwa wa taifa miaka miwili mfululizo. Matokeo ni 28-28. Mkimbiaji wao T.J. Yeldon anauchukua mpira na kutoka nje ya mstari wa pembeni kwenye yadi ya 38 ya Auburn, yaani yadi 38 kutoka mstari wao wa goli. Saa inasoma sifuri. Kocha wa Alabama, Nick Saban, anadai kwamba mguu wa Yeldon ulitoka nje kabla saa haijaisha. Waamuzi wanaiangalia video, wanamkubalia, wanarudisha sekunde 1. Sekunde moja tu, na aliyeiomba ni Saban mwenyewe. Angenyamaza, wangeingia muda wa nyongeza.

Kutoka yadi ya 38, ukijumlisha lile eneo la mwisho na nafasi ya kurudi nyuma kupiga, mkwaju unakuwa wa yadi 57, kama mita 52. Mpigaji wa kawaida, Cade Foster, siku hiyo alikuwa amekosa miwili na wa tatu ukazuiwa. Saban akamtoa, akamwingiza kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mguu mzito zaidi, Adam Griffith, mzaliwa wa Poland aliyelelewa na familia ya Kimarekani. Auburn wakaomba taimauti, mapumziko mafupi. Katika ule mwanya makocha wao wakabadilisha mtu: nyuma kabisa, chini ya milingoti, wakamweka Chris Davis, jezi namba 11. Huyu ni beki wa pembeni, lakini kazi yake nyingine ilikuwa kurudisha mipira inayopigwa mbali na wapinzani. Kukimbia na mpira huku watu wanamjia kwa kasi ulikuwa ugali wake wa kila wiki.

Ukiitazama tena video, usimwangalie Davis kwanza. Watazame watu wa Alabama waliopanga mstari mbele ya mpigaji. Ni majitu makubwa, kazi yao ni kusimama imara sekunde mbili ili mkwaju usizuiwe. Hakuna hata mmoja aliyewekwa pale kwa ajili ya mbio. Yupo mshikaji wa mpira, Cody Mandell, yupo mpigaji, basi. Griffith anapiga, mpira unaelekea vizuri lakini unaishiwa nguvu mbele ya mwamba. Davis anaudaka karibu yadi 9 ndani ya eneo la mwisho, anakunja kushoto, anaufuata mstari wa pembeni huku wenzake wakiwasukuma wale wazito mmoja mmoja. Mandell ndiye aliyekuwa na nafasi ya mwisho ya kumpata, akapitwa. Kitabu cha takwimu kinaandika yadi 100 kwa sababu kwa vyuo hesabu haizidi hapo. Miguu yake ilikwenda 109. Mechi ikaisha 34-28, na hata mkwaju wa nyongeza, ule wa pointi moja baada ya tachidauni, haukupigwa.

Wengine humlaumu Saban kwa kupiga. Mimi simlaumu kwa hilo. Sekunde moja, ukitupa mpira mrefu kuna hatari ya kunyang'anywa vilevile. Kosa lake ni watu aliowaacha uwanjani baada ya kumwona Davis akisimama kule nyuma. Taimauti ilikuwa ya pande zote mbili, na yeye pia angeweza kuingiza wawili watatu wenye mbio. Foster, kwa upande wake, alitukanwa na kutishiwa mitandaoni vibaya sana, mpaka rais wa zamani George W. Bush akamwandikia barua fupi ya mkono kumpa moyo. Ndivyo mpira wa vyuo ulivyo huko uliko. Chunga ulimi wako kazini wiki ya Iron Bowl.

Haya, bahati. Hapa ndipo wenzako wa Alabama wana robo ya haki, na robo yenyewe wanaitafuta kwenye mechi isiyo sahihi.

Mwaka 2012 Auburn walishinda mechi 3 na kupoteza 9. Ndani ya ligi yao, SEC, ambayo inakusanya vyuo vikubwa vya kusini, walicheza 8 na kupoteza zote 8. Georgia waliwafunga 38-0. Alabama 49-0. Kocha Gene Chizik, aliyekuwa amewapa ubingwa wa taifa miaka miwili tu kabla, akafukuzwa. Akaletwa Gus Malzahn, ambaye alikuwa msaidizi wake wa mashambulizi mwaka ule wa ubingwa, kabla ya kwenda kuongoza Arkansas State kwa msimu mmoja. Malzahn hakutokea kwenye timu za kulipwa. Alikuwa mwalimu wa shule za sekondari huko Arkansas, na huko ndiko alikojifunza kucheza haraka haraka: jaribio likiisha wachezaji hawakusanyiki kupanga, wanajipanga palepale na kuanza tena. Mabeki wazito wa upinzani hawapati hewa, na kocha wao hapati nafasi ya kuwabadilisha.

Kikosi alichokikuta hakikuwa kibovu kama matokeo yalivyosema. Tre Mason, mkimbiaji, alikuwa amefikisha yadi 1,002 katika ile timu mbovu ya 2012. (Baba yake ni Maseo wa kundi la De La Soul, kama unapenda hip hop ya zamani.) Kushoto mwa mstari wa mbele alikuwepo Greg Robinson, jitu ambalo miezi michache baada ya msimu ule lilichaguliwa la pili katika usajili mzima wa NFL. Kilichokosekana ni kwotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua uende wapi. Malzahn akampata Nick Marshall. Marshall alianza Georgia kama beki, akafukuzwa kwenye timu, akaenda chuo kidogo huko Kansas kucheza ukwotabeki, na Auburn alifika kiangazi hichohicho cha 2013, wiki chache kabla ya msimu. Kurusha mpira hakuwa hodari sana. Kukimbia nao, alikuwa moto.

Sasa nieleze mchezo mmoja waliourudia msimu mzima, maana ukiuelewa huo utakuwa na la kuwajibu wenzako. Marshall anapokea mpira, anausogeza tumboni mwa Mason anayepita mbele yake. Pembeni kuna mlinzi mmoja wa upinzani ambaye hakuna aliyemgusa. Ameachwa huru makusudi. Marshall, mpira bado uko tumboni mwa mwenzake, anamkodolea macho huyo mlinzi. Akimkimbilia Mason, Marshall anauchomoa mpira na kuzunguka pale mlinzi alipotoka. Akibaki kumsubiri Marshall, Mason anaondoka nao katikati. Vyovyote atakavyofanya amekosea, na kwa kuwa hakuna mtu aliyepotezwa kumzuia, Auburn wana mzuiaji wa ziada mahali pengine. Fanya hivyo mara 50 kwa mechi, kwa kasi ile, nyuma ya mgongo wa Robinson. Msimu ule waliongoza vyuo vyote vikubwa nchini kwa kukimbia na mpira: wastani wa yadi 328 kwa mechi.

Matokeo hayakuja siku moja. Walihitaji sekunde za mwisho kuwashinda Mississippi State 24-20, wakafungwa na LSU 35-21, na mwishoni mwa Septemba hapakuwa na aliyekuwa akiwazungumzia. Oktoba wakaenda Texas A&M, ambako alikuwepo kwotabeki Johnny Manziel na tuzo yake ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, wakatoka na 45-41. Hapo ndipo watu walipoanza kugeuza shingo.

Bahati ya kweli iko kwenye mechi ya Novemba 16, nyumbani dhidi ya Georgia. Auburn waliongoza 37-17, wakalala, wakajikuta wako nyuma 38-37. Ikabaki nusu dakika hivi. Timu ina majaribio manne kusogea yadi 10. Auburn wako kwenye jaribio la nne na wanahitaji yadi 18. Marshall akarusha mpira mrefu katikati ya mabeki wawili wa Georgia. Kama mabeki wale wangeuangusha chini, mechi imekwisha. Badala yake wote wawili waliuwania kwa pamoja, mmoja akaugonga kwa mkono, mpira ukaruka juu na kumpita mpokeaji wa Auburn, Ricardo Louis, kwa nyuma ya bega. Louis alikuwa anakimbia bila kujua uko wapi. Ukamwangukia, akaushikilia, akaingia. Yadi 73, sekunde 25 zimebaki, 43-38. Hiyo hakuna kocha aliyeifundisha, na atakayekuambia vinginevyo anakudanganya. Hata hivyo Georgia walirudi na kukaribia goli kabla Dee Ford wa Auburn hajampiga dafrao kwotabeki wao katika mchezo wa mwisho.

Wiki mbili baadaye ndiyo Iron Bowl, na hapa naomba uwarudishe wenzako sekunde 32 za mwisho, kabla ya Davis. Alabama wanaongoza 28-21. Auburn wana mpira, wanampa Mason, wanampa Mason tena, katikati, katikati, yadi tatu, yadi tano. Uwanja mzima unajua kinachokuja, mpaka wauza karanga. Kwenye yadi ya 39 Marshall anafanya mchezo uleule niliokueleza: anaunyofoa mpira kwa Mason na kukimbia kushoto. Beki aliyekuwa akimlinda Sammie Coates, mpokeaji wa Auburn, anamwona Marshall anakuja, na kwa jioni nzima amekuwa akimwona anakimbia. Anamwacha Coates, anapanda kumkaba. Marshall, hatua chache kabla ya mstari mchezo ulipoanzia, anautupa mpira juu ya kichwa cha beki kana kwamba anampa mtu machungwa. Coates yuko peke yake, hakuna roho karibu naye. 28-28. Bila tachidauni hiyo hakuna sekunde moja ya Saban, hakuna Griffith, hakuna Davis. Nayo haikuwa bahati hata chembe. Ilikuwa mavuno ya kumpa Mason mpira tangu Agosti: yule beki alifundishwa na msimu mzima kwamba Marshall atakimbia.

Usiku ule watu walikwenda kwenye kona ya Toomer's, mjini Auburn, ambako desturi yao ni kurusha karatasi za chooni juu ya miti wakishinda. Miti yenyewe haikuwepo. Mialoni miwili ya pale ilitiliwa sumu na shabiki wa Alabama baada ya Auburn kushinda Iron Bowl ya 2010, ikang'olewa Aprili 2013. Chuo kilikuwa kimetandaza nyaya mahali pake, wakazijaza karatasi nyaya.

Mechi ya ubingwa wa SEC dhidi ya Missouri ndiyo inayopuuzwa, na kwangu ndiyo bora kuliko zote. Auburn walishinda 59-42. Walikimbia yadi 545 katika mechi moja. Mason peke yake alipewa mpira mara 46, akapata yadi 304 na tachidauni 4. Missouri walikuwa wamesifiwa kwa ulinzi wao dhidi ya wakimbiaji. Hapakuwa na mpira uliogongwa hewani wala mkwaju mfupi. Palikuwa na mchezo mmoja unaorudiwa hadi mtu anakata tamaa. Ulinzi wa Auburn wenyewe, nikiri kwa niaba yao, ulikuwa wa kawaida. Timu inayoruhusu 42, 38 na 41 haiwezi kusema ilikuwa ngome. Ndiyo maana mechi zao zilibanana hivyo: walifunga sana na kufungwa sana, na mechi za namna hiyo huamuliwa dakika za mwisho, upende usipende.

Siku hiyohiyo, Desemba 7, Ohio State waliokuwa hawajafungwa walipoteza kwa Michigan State 34-24. Wakati huo mfumo ulikuwa BCS, uliochukua timu mbili tu kwenda fainali, na huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Nafasi ikafunguka, Auburn wakaingia. Kama wenzako wanatafuta bahati nyingine ya kuwatupia, hiyo ipo, ingawa kila bingwa amewahi kuhitaji mtu mwingine afungwe.

Fainali ilikuwa Januari 6, 2014, Rose Bowl, Pasadena, California, dhidi ya Florida State waliokuwa na ushindi 13 bila kupoteza. Auburn walifika 21-3. Florida State wakarudi taratibu, na katika robo ya mwisho Kermit Whitfield akarudisha mpira wa kuanzia yadi 100 na kuwapa uongozi wa 27-24. Mason akajibu kwa mbio za yadi 37, Auburn 31-27, imebaki dakika 1 na sekunde 19. Kwa kwotabeki wa Florida State, Jameis Winston, aliyekuwa anatimiza miaka 20 siku hiyohiyo, dakika hiyo ilitosha. Sekunde 13 kabla ya mwisho akamrushia Kelvin Benjamin, jitu refu, ndani ya eneo la mwisho. Beki aliyeruka naye na kuzidiwa kimo alikuwa Chris Davis. 34-31, na mfululizo wa ubingwa saba wa taifa wa ligi ya SEC ukakatika hapo.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii. Mechi ya Georgia, bahati. Ule mkwaju wa Griffith, nusu kwa nusu: kupungukiwa nguvu hakukupangwa na Auburn, lakini kumweka Davis pale kulipangwa. Mengine ni kazi. Walimaliza na ushindi 12 na kupoteza 2, kutoka 3 na 9, na Mason alimaliza msimu na yadi 1,816, akiipita rekodi ya 1985 ya Bo Jackson, mkimbiaji nyota wa zamani pale Auburn. Huko hakufikiwi kwa kudra za mpira kugonga mkono wa mtu.

Ukipata Jumapili ya mapumziko, usianze na Iron Bowl. Tafuta ile ya Missouri nzima, sio vipande vyake. Robo ya kwanza mwache Mason, mtazame namba 73, Greg Robinson, upande wa kushoto, jinsi anavyomchukua mtu kifuani na kuondoka naye yadi tano, sita, mpaka wanatoka kwenye picha. Robo ya pili mtazame yule mlinzi wa pembeni aliyeachwa bila kuguswa, uhesabu mara ngapi anachagua vibaya. Kisha rudi kazini na swali lako kwa watu wa Alabama: yule beki wa Coates alikuwa akifikiria nini?